Taa Ilipanda Mara Tatu

Georgette wa Lweba ndiye aliyenieleza habari hii, wiki ileile ilipotokea, mwezi ukiwa bado mwembamba. Tulikuwa tumekaa kando ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, tukifukuza kuku kwa fito. Alikuwepo usiku ule tangu mwanzo. Kuna mahali alisinzia, na mahali hapo nimejazia kwa yale niliyoambiwa na Godelieve, binti wa kaka yake, ambaye yeye alikuwa macho.

Godelieve alikuwa na neno moja kifuani. Alikuwa nalo tangu asubuhi, kama mtu aliyebeba sufuria ya moto na haoni pa kuitua. Neno lenyewe ni fupi: kumwambia baba yake, Bonaventure, kwamba anampenda Muhoza, mwalimu wa fizikia kule Baraka, mtoto wa wafuga ng'ombe wa Bibokoboko. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu Muhoza alikuwa anapanda mlimani, na baba yake, mzee Semutobo, alikuwa amesema hatangoja tena. Kama mlango wa watu wa ziwa haufunguki, huko juu kuna nyumba ya jirani yenye binti anayejua kukamua, na jina la binti huyo limekwisha kutajwa mbele ya wazee.

Basi jioni Godelieve alimfuata baba yake mpaka majini na chakula chake ndani ya kitambaa. Alimwuliza kama amechukua koti. Baba akasema amechukua. Alimwuliza kama taa zimejaa moto wa betri. Baba akasema zimejaa. Mzee Élie, mwenzake wa miaka yote, akaita kutoka mtumbwini kwamba giza halingoji mtu, na Bonaventure akapanda, wakaondoka. Neno likabaki palepale kifuani.

Lweba wanaume wanavua kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa ndagala hazikusanyiki, kwa hiyo wanaume wanakaa nyumbani, na mambo yote ya familia, posa, ubatizo, hata magomvi, yanangojea siku hizo. Giza likirudi, wanarudi ziwani na nyumba zinabaki za wanawake. Mara tatu Muhoza alituma mtu kuomba kuonana na Bonaventure. Mara tatu jibu lilikuwa moja: “Niko kwa giza.” Mwezi ulipojaa, Bonaventure alifunga mlango akaenda Uvira kushona nyavu, akakaa huko mpaka giza likarudi. Hakukataa. Alifanya tu asipatikane, na kila mtu alielewa.

Lakini Muhoza naye alikuwa mtu wa giza. Alikuwa na darubini, bomba refu jeupe la kuangalia nyota, aliyotumiwa na binamu yake anayeishi ng'ambo. Ilifika vipande vipande, kipande hiki kimepitia Bujumbura, kile kimelala Uvira majuma matatu. Mwanga wa mwezi unaificha mbingu, kwa hiyo naye alingoja mwezi ufe. Na ufukwe mzuri kuliko yote, usio na taa ya duka wala ya kanisa, ulikuwa nyuma ya nyumba ya Bonaventure. Giza lililomwondoa baba ndilo lililomleta kijana. Ilikuwa hivyo miezi minane, na Georgette katikati yao na kitenge chake, kusudi mtu asije akasema maneno.

“Leta ile bomba yako tuone kama Mungu ameamka,” Georgette alimwambia usiku ule, akitandika mkeka.

Muhoza akamsalimu kwa mikono miwili, kama wanavyosalimu kwao, akamwuliza habari ya magoti yake. Georgette akamjibu kwamba magoti hayajambo, ila yanachoka kulinda watu wazima. Kisha akamwuliza kama siku hizi anakula ndagala na vichwa vyake, au bado anavitoa kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele. Muhoza akasema anakula na vichwa. Georgette akasema bado hajaona, akajilaza.

Mvua ilikuwa imepumzika siku nne na mbingu ilikuwa imeoshwa. Muhoza aliwasha tochi yake, iliyofungwa kitambaa chekundu. Godelieve mwenyewe ndiye aliyekishona, kipande cha kitenge cha zamani, kwa sababu mwanga mwekundu hauui macho. Unaweza kuangalia tochi na baada yake bado ukaona nyota ndogo. Akaielekeza darubini juu ya milima ya magharibi, kwenye mgongo mweusi wa mlima ambao nyuma yake ndiko kwao.

“Kuja mbio,” akasema. “Iko inazama.”

Godelieve akaweka jicho. Aliona kitu kama pumzi ya mtu juu ya kioo, cheupe, kirefu kidogo, katikati yake pakiwa na nuru zaidi. Alikuwa amekiona mara nyingi. Alijua si wingu. Ni kundi la nyota zisizohesabika, mbali kuliko nyota zote, na Muhoza alikwisha kumweleza kwamba mwanga wake uliondoka huko kabla mtu wa kwanza hajazaliwa, ndiyo kwanza unafika kwenye jicho lake hapo Lweba. Mara ya kwanza alipoambiwa hivyo alilia, akaona haya, na Muhoza hakumcheka. Pengine ni hapo ndipo alipompenda.

Usiku huu Muhoza alisimama karibu yake bila kumgusa. Godelieve alisikia harufu ya sabuni kwenye shati lake.

“Ulimuambia?” Muhoza akauliza.

Godelieve hakutoa jicho kwenye darubini. “Bado.”

“Bado.”

“Nilikuwa nataka kusema, njo Élie akaita.”

“Na asubui?”

“Asubui alikuwa analala. We unajua wanalalaka muchana.”

Muhoza akageukia maji. Ziwani taa za wavuvi zilikuwa zimepangika, ishirini, thelathini, zikipanda na kushuka pole pole. Moja kati ya hizo ilikuwa ya Bonaventure.

“Miezi munane mi nakuja hapa sawa mwizi, Gode.”

“Haukuje sawa mwizi. Shangazi iko hapa.”

“Shangazi iko analala.”

“Silale,” akasema Georgette bila kufungua macho.

Muhoza akashusha sauti. Akamwambia kwamba Jumatatu baba yake atamwuliza swali moja tu: mzee wa ziwani amesema nini? Naye atajibu nini? Kwamba mzee hajui? Kwamba binti anaogopa? Huko juu wanaume wazima watamwangalia waone mtu aliyekaa miezi minane nje ya nyumba, hajawahi kupewa hata kiti.

Godelieve akasema hajui jinsi ya kusema. Baba yake si mkali, na hilo ndilo gumu. Angekuwa mkali, angempigia kelele naye angepata hasira ya kujibu. Lakini tangu mama yake afariki, baba yake huongea kidogo, anakula kidogo, anaangalia tu. Kumwambia mtu wa namna hiyo, nakuacha, napanda kule kwenye baridi, kwa watu wa maziwa na dini ya Kiprotestanti, wewe ubaki na shangazi.

“Unajua mi najifunzaka kukamua?” akasema, akijaribu kucheka. “Kwa mbuzi ya jirani. Iliniangusha mara mbili.”

Muhoza hakucheka. Godelieve akainua uso, akaona macho yake katika mwanga mwekundu, akatamani asingeyaona.

“Ile mwanga,” akasema, akionyesha mlima, “ilingoja miaka yote ile mpaka ifike. We hauwezi kungoja giza moja tena?”

“Haikungoja,” Muhoza akajibu. “Iko inatembea. Tangu ilitoka kule, haijasimama ata siku moja. We njo umesimama.”

Godelieve akageuka, akaenda kukaa kwenye mchanga, mgongo kwake, uso kwenye magoti. Nyuma yake akasikia Muhoza akianza kufungua darubini. Alikuwa akifungua kwa nguvu, si kama kawaida yake, maana kawaida alikuwa anaishika kama mtu anayemvua mtoto shati akiwa usingizini. Chuma kikagonga chuma. Kitu kidogo kikaanguka mchangani. Muhoza akalalamika chini chini kwa Kinyamulenge.

Ilikuwa buloni, bolti inayoshika mguu mmoja wa darubini. Muhoza aliitafuta kwa mwanga mwekundu hakuiona. Akavua kitambaa. Mwanga mweupe ukatoka mkali. Akaishusha tochi mchangani, akaiinua juu ya kichwa chake kuangalia mahali ilipochomoka, akaishusha tena kutafuta, akaiinua tena, na mara moja zaidi. Georgette alikuwa amesinzia kweli sasa. Godelieve alikuwa na uso ndani ya kitenge, hakuona.

Pale Lweba hakuna mtu wa kuinua taa hivyo ufukweni usiku wa giza, hata mlevi. Wavuvi hawabebi simu majini, na hata wangebeba, mbele kidogo mtandao unakatika. Kwa hiyo tangu zamani kuna njia moja tu ya kumwita mtu aliye ziwani. Taa inashuka chini, inapanda juu ya kichwa. Mara tatu. Maana yake ni kwamba kuna kifo nyumbani, au mtu anakwenda kufa, rudi. Habari ikiwa njema, au hatari ikiwa imepita, taa inawekwa chini na kuachwa bila kutikiswa. Mtoto wa Lweba anajua hilo kabla hajajua kusoma. Mtoto wa Bibokoboko angelijulia wapi?

Godelieve alisikia kwanza ukimya. Wavuvi wakiwa kazini wanaimba kidogo, wanaitana, sauti zinakuja juu ya maji kama za watu walio chumba cha pili. Zikakatika. Akainua uso. Kati ya taa zote zile, moja ilikuwa imejitenga na nyingine. Ilikuwa inakuja.

Akageuka akaona tochi nyeupe mkononi mwa Muhoza.

“Uliinua taa mara ngapi?”

“Nini?”

“Ile tochi, Muhoza. Uliinua mara ngapi?”

“Sijui. Nilikuwa natafuta buloni. Mbili. Pengine tatu.”

Georgette aliamka kwa ile sauti. Aliangalia tochi, akaangalia ziwa, akaweka mkono kinywani.

Miaka kumi na moja nyuma, Georgette huyohuyo ndiye aliyeinua taa pale pale, usiku ule Chérie, mama wa Godelieve, alipozidiwa. Aliinua mara tatu, akainua tena, mpaka mkono ukafa ganzi. Bonaventure aliiona. Lakini alifikiri ni taa ya jirani, ambaye mama yake alikuwa mzee sana, na wavu ulikuwa umejaa, basi akasema wavute kwanza. Alipofika nyumbani, Chérie alikuwa amekwisha kufunikwa. Tangu siku ile aliwaambia watu wake neno moja, hakulirudia tena kwa kuwa hakuna aliyelisahau: taa ikiinuliwa upande wa nyumba yangu, msiniulize, mimi nakata kamba.

Godelieve alimweleza Muhoza kwa maneno machache. Muhoza akasimama na kitambaa chekundu mkononi kama mtu aliyeshika nguo ya maiti.

Taa ilikuwa inakaribia. Sasa waliweza kusikia makasia, mawili, yakipiga bila mpango, makasia ya watu wanaopiga kwa nguvu zao zote.

Georgette ndiye aliyepata wazo la kwanza. Akasema yeye atalala hapo chini, ashike tumbo, na Godelieve alie kidogo, na mwalimu achukue bomba lake akimbilie nyuma ya migomba. Tumbo la mwanamke mzee, nani atalichunguza? Asubuhi atakuwa amepona, watamshukuru Mungu, jambo limekwisha.

“Sauti ya kulia mi niko nayo muzuri,” akaongeza. “Mulinisikia kwa kilio ya jirani.”

Godelieve aliangalia migomba. Aliangalia Muhoza. Kukimbia kwake kungechukua dakika mbili, nafasi ilikuwapo. Na baba yake angefika, angemkuta dada yake analia, angebeba hofu yake usiku kucha, na kesho angerudi kwenye giza bila kujua lolote, na Jumatatu Muhoza angepanda mlimani.

“Apana, shangazi,” akasema. “Iko anakuja sababu ya mama. Siwezi kumudanganya na ile.”

“Basi kijana akimbie.”

“Mi sikimbie,” Muhoza akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. “Taa nimeinua mi.”

Mtumbwi haukufika ufukweni. Bonaventure aliruka maji yakiwa kiunoni, akaja akiyasukuma kwa mikono, koti limeloa, mdomo wazi. Hakuona bomba, hakumwona Muhoza. Alimwona Godelieve. Akamkamata kichwa kwa mikono miwili yenye baridi, akamshika mabega, mikono, kama anayehesabu kama vyote vipo.

“Ni nani?” akauliza. “Ni nani?”

“Hakuna, papa. Tuko wazima wote.”

“Georgette?”

“Niko,” akasema Georgette gizani.

Bonaventure alisimama. Pumzi zilikuwa zinamtoka kama mtu anayelia, lakini hakuwa analia. Nyuma yake mzee Élie alikuwa anavuta mtumbwi, akauliza kama kuna msiba. Pole pole macho ya Bonaventure yakazunguka. Yakaona mkeka. Yakaona tochi. Yakaona bomba jeupe kwenye miguu miwili, limeegemea kijana mrefu aliyesimama kando yake, kofia imevuliwa kichwani.

“Nani aliinua taa?”

“Ni miye, muzee.”

“We ni nani?”

Alimjua. Mara tatu alipelekewa jina lake. Muhoza akalitaja hata hivyo, lake na la baba yake na la mahali, kama mtu anayejieleza mlangoni. Akasema hakujua, akasema anaomba msamaha, akasema alikuwa anatafuta buloni. Neno hilo la mwisho lilisikika vibaya mno usiku ule. Hata yeye alilisikia.

“Buloni,” akasema Bonaventure.

Akatembea mpaka kwenye darubini, akaiinua yote na miguu yake miwili kama mtu anavyobeba gogo la kuni, akaelekea majini.

Muhoza hakusogea. Godelieve alipita mbele, akaingia maji mpaka magotini, akasimama njiani mwa baba yake. Neno lile alilolibeba tangu asubuhi likatoka, na halikuwa fupi tena.

“Papa, utatupa ile kitu, na kisha utatupa nini? Mi njo nilimuleta hapa. Kila giza ukienda, mi nakuja huku na shangazi, miezi munane. Kila asubui ukirudi nakuuliza kama ulipata samaki, na sikuambie kitu. Muongo haiko ile bomba. Muongo ni miye.” Akavuta pumzi. “Ninamupenda. Ataenda Jumatatu, na kama hauseme kitu, hatarudi. Sikuambiaka juu ya kuogopa kama utabaki peke yako. Leo njo nimekuambia. Sasa tupa.”

Maji yalikuwa yanapiga miguu yao. Bonaventure alimwangalia dada yake.

“Usiniangalie vile,” Georgette akasema. “Ile siku ingine niliinua taa, haukuja. Leo sikuinua, na umekuja. Mi nilikuwa nalinda mutoto wako, nilimulinda muzuri, uliza mutu yote.”

Ni maneno ambayo hakuwahi kumwambia kwa miaka kumi na moja. Aliniambia mwenyewe kwamba yalipotoka alitaka kuyarudisha. Bonaventure aliyapokea amesimama. Kisha akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, bomba limelala mapajani mwake kama mtoto mkubwa.

Mzee Élie alikunja kamba iliyokuwa tayari imekunjwa.

“Unaangaliaka nini humu?” Bonaventure akauliza mwishowe, bila kumgeukia Muhoza.

Muhoza akakaribia, akachuchumaa mchangani, chini yake, kusudi asimwongeleshe mzee kutoka juu. Akasema anaangalia nyota, zile zinazokaa pamoja. Bonaventure akasema nyota yeye anaziona bila bomba. Muhoza akasema ni kweli. Halafu Godelieve akamwona anatafuta kama aseme au asiseme.

“Mbele ya nyota, nilianza na taa,” akasema. “Nilikuwa mutoto, tulikuwa tunachunga ndama karibu ya materemko. Usiku, chini kabisa, nikaona nyota zimeanguka. Nikauliza mama, ile ni nyota gani ziko chini ya miguu yetu? Akaniambia haiko nyota, ni ba baba wanatafutia batoto wao chakula. Nilikuwa nahesabu kila siku ya giza. Taa moja ikizima, silale mpaka iwake.” Akaangalia mikono yake. “Nilihesabuka taa yako, muzee, mbele nijue kama uko na binti.”

Élie alikohoa. Bonaventure alikuwa ameangalia ziwani, kwa wenzake waliobaki, kana kwamba anajaribu kujiona kutoka juu.

“Na Kilimia?” akauliza baadaye. “Inaonekana humu?”

Kilimia kilikuwa juu yao, kile kikundi kidogo cha nyota ambacho wavuvi wote wanakijua, kwa kuwa kinawaambia saa. Bonaventure akasema anakijua tangu akiwa mdogo, nyota zake ni sita, na mwenye macho makali anaona saba. Muhoza akasema aangalie ahesabu.

Lakini mguu wa tatu haukuwepo. Buloni ilikuwa imepotelea mchangani. Basi Muhoza akapiga magoti, akaweka bomba juu ya bega lake, akalishika kwa mikono miwili, na Godelieve akashika upande wa chini. Walikuwa karibu sana, kuliko walivyowahi kuwa katika miezi minane, na mbele ya baba. Hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenzake. Bonaventure akainama, akafunga jicho moja kwa kiganja, maji yakimdondoka kwenye koti mpaka mgongoni mwa Muhoza.

“Zinacheza,” akasema.

“Ni miye natetemeka, muzee.”

“Usitetemeke.”

Muhoza akashika pumzi. Bonaventure akaanza kuhesabu, kwa sauti, kama wanavyohesabu mitumbwi inaporudi alfajiri. Sita. Kumi. Kumi na tano. Kufika ishirini sauti ilipungua, akaendelea kwa midomo tu. Godelieve aliona uso wa baba yake kwa upande. Aliuona kama alivyouona zamani, wakati mama yake alipokuwa hai na nyumba ilikuwa na kelele.

Alipomaliza aliinuka, akajipangusa jicho kwa mkono wa koti.

“Funga ile kitambaa yako nyekundu,” akamwambia Muhoza. “Tochi nyeupe isitoke tena kwa ufukwe yangu.”

“Ndiyo, muzee.”

“Usiku hii hauendi Baraka. Utalala kwa nyumba ya nyavu, na Élie.” Akachukua kasia lake, akaligeuza mkononi, akalilaza mtumbwini. Kisha akasema, akiwa amewapa mgongo: “Mwezi ikijaa, niko nyumbani. Muambie baba yako ashuke.”

Godelieve alishika bomba ili asianguke nalo. Muhoza alibaki amepiga magoti. Ni Georgette aliyejibu kwa ajili yao, akasema hao watu wa juu wakija watapikiwa ndagala na vichwa vyake, na atakayechambua atarudi kwao usiku uleule.

Kabla hawajaingia ndani, Bonaventure alimkumbusha binti yake kwamba wenzao ziwani bado wanangojea. Godelieve akachukua taa ya nyumbani, akaiweka chini mchangani, akarudi nyuma hatua mbili, asiitikise. Wakasimama kuangalia. Huko mbali taa moja ikashuka na kupanda kidogo, ikijibu. Ya pili ikajibu. Sauti zikarudi juu ya maji.

Georgette alikuwa wa kwanza kulala. Alikoroma kabla hajavua kitenge. Katika nyumba ya nyavu mzee Élie alimweleza Muhoza habari ya samaki mkubwa aliyemponyoka miaka ya zamani, akasinzia katikati, na Muhoza akalala akingoja mwisho wake.

Godelieve alilala macho wazi. Upande wa pili wa ukuta alimsikia baba yake akigeuka, akigeuka tena. Usiku wa giza, na yupo nyumbani. Hakukumbuka lini aliwahi kumsikia hivyo.

“Mama,” Bonaventure akaita. Alimwita binti yake hivyo tangu alipozaliwa, kwa sababu alibeba jina la bibi yake, mama wa Bonaventure. “Umelala?”

“Bado, papa.”

“Mi niliishiaka makumi tatu na mbili. Yeye alihesabuka ngapi?”

“Sijui. Nitamuuliza asubui.”

“Muulize.” Akakaa kimya. “Kule juu kuko baridi sana?”

“Banasema.”

“Utabeba koti yangu.”

Godelieve akasubiri. Pumzi za baba yake zikawa ndefu, zikawa nzito, zikawa za mtu aliyezama usingizini. Nje, taa bado ilikuwa mchangani, na mwanga wake ulipita chini ya mlango mpaka kwenye mguu wa kitanda. Godelieve aliuangalia; haukutikisika. Alifikiri ainuke akaizime, akafikiri tena, na akiwa bado anafikiri, akalala.